Peke yako kwa treni vijijini Ufaransa: Bourgogne, Cévenol au Train des Pignes?

Wengi wanaouliza kuhusu kuzunguka Ufaransa ya vijijini peke yao kwa treni wanaanza na uzuri, ipi ina milima, ipi ina vijiji vya kupigia picha, na mi naona hapo ndo wanapoanzia pabaya, kwasababu vijiji vizuri kule vimejaa, ukiweka kidole popote kwenye ramani utaangukia kanisa la mawe na mto unaopita chini yake. Swali la mtu anayesafiri mwenyewe ni moja tu: hii treni ikiniacha, inayofuata ni saa ngapi? Mkiwa wanne mnachanga hela ya teksi na maisha yanaendelea. Ukiwa peke yako kijijini saa moja jioni, dirisha la tiketi limefungwa toka mchana, na teksi ya pale inatakiwa uwe umeipigia simu jana yake, hapo uzuri wa mlima hauna msaada wowote.

Kwahiyo nalinganisha njia tatu kwa jicho hilo kwanza, mengine yatafuata.

Ya kwanza ni Bourgogne, reli kubwa inayoshuka kutoka Dijon kwenda Nuits-Saint-Georges, Beaune, Chagny, Chalon-sur-Saône, Tournus mpaka Mâcon, na ukiendelea unafika Lyon. Ya pili ni Cévenol, Clermont-Ferrand mpaka Nîmes, kilomita kama 300 kupitia makorongo ya mto Allier na milima ya Cévennes, safari ya masaa matano hivi. Ya tatu ni Train des Pignes, Nice mpaka Digne-les-Bains, kilomita 151, masaa matatu na kitu, na hii haiendeshwi kabisa na SNCF, lile shirika la reli la taifa, ni ya kampuni nyingine, Chemins de fer de Provence, wana stesheni yao na tiketi zao na utaratibu wao.

Sasa idadi ya treni. Bourgogne siku za kazi unapata TER karibu kila saa, asubuhi na jioni zinaongezeka, TER ni zile treni za mkoa ambazo huweki nafasi wala huna namba ya siti, unapanda unakaa. Dijon mpaka Beaune ni dakika 20 na kidogo na nauli iko chini ya euro 10. Maana yake nini, maana yake unaweza kushuka Beaune, ukatembea, ukachoka, ukaahirisha, ukala kwanza, treni ipo tu. Unaamka huna mpango na siku inaenda vizuri. Kwa mtu anayesafiri mwenyewe mara ya kwanza huu ndo uhuru wenyewe, watu hawausemi kwasababu haupigwi picha.

Cévenol ni kinyume. Treni za kwenda njia nzima unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kati ya moja na nyingine yanapita masaa, na baadhi ya safari zinafanywa na basi. Hili la basi liangalie vizuri, kwenye ratiba wanaandika "autocar" au wanaweka kialama kidogo cha basi, na hilo basi halikai kwenye jukwaa la treni, linasimama nje mbele ya stesheni, sasa we umekaa ndani kwenye benchi na begi lako unasubiri treni huku basi linaondoka mgongoni kwako. Ukiona autocar, toka nje mapema ukaulize.

Train des Pignes iko katikati, kama treni nne kwa siku kila upande kwa safari nzima, na upande wa karibu na Nice zinakuwepo nyingi zaidi maana watu wanazitumia kwenda kazini. Nne zinatosha kushuka mji mmoja asubuhi na kupanda tena mchana, ila miji mitatu kwa siku usijidanganye. Na njia hizi mbili za milimani zina tabia moja, mara ukarabati, mara mawe yameporomoka, kipande kinafungwa na mabasi yanaletwa, kwahiyo wiki ya safari ingia uangalie tena hata kama ulishapanga miezi miwili nyuma. Ratiba wanaandika 19h04, kwa wale wa saa yetu hiyo ni saa moja na dakika nne usiku, usichanganye ukiwa umechoka.

Ukiwa na woga hata kidogo, basi Bourgogne, ningekuambia hivyo hata kama tungekuwa tunaongea kwa simu. Lakini ngoja nikupe na upande wa pili, maana kwa kuangalia dirishani Bourgogne inapigwa vibaya sana.

Pale kwenye reli kubwa unaona mashamba ya mizabibu upande mmoja, tambarare upande wa pili, nguzo za umeme, maghala. Ni pazuri ila ni pazuri pa kushuka, sio pa kukaa kwenye siti. Cévenol ndo ya kukaa kwenye siti. Ukitoka Langeac kuelekea Langogne barabara inaliacha korongo, inabaki reli na mto basi, unaingia handaki unatoka, mto uko chini yako unapiga mawe, unaingia handaki lingine, unatoka mto umehamia upande wa pili, na mtandao wa simu unakata kabisa, yaani hata kama ulipanga kuchati huchati. Njia nzima ina mahandaki zaidi ya 100. Waliimaliza mwaka 1870, na ukiangalia ule mwamba unajiuliza hao vibarua walikuwa wanasimama wapi wakati wanachimba. Baadae treni inapanda mpaka zaidi ya mita 1,000 pale La Bastide, halafu inaanza kushuka, na hapo kuna kitu mi kinanifurahisha: mto Allier ulioufuata masaa yote yale unaenda kuungana na Loire na kumwaga Atlantiki, ila ukishavuka kile kilele maji yote yanaelekea Mediterania. Paa za nyumba zinabadilika, miti inabadilika, unaanza kuona miti ya chestnut, halafu joto linaingia kwenye behewa. Ukipanda Clermont umevaa sweta, Nîmes unashuka umelibeba mkononi.

Pignes nayo ina mandhari ya maana ila utamu wake mi nauona kwenye treni yenyewe. Reli yake ina upana wa mita moja, sawasawa na ile reli yetu ya zamani, ya kati ya Tanzania na ile ya Mombasa kwenda Uganda, kwahiyo aliyewahi kupanda treni ya Kigoma ataujua ule mtikisiko, vibehewa viwili tu, dereva unamuona pale mbele, na vituo vingi ni vya kuomba. Kituo cha kuomba maana yake ukiwa ndani unamwambia kondakta mapema unashuka wapi, ukiwa nje unasimama mahali dereva anakuona unampungia mkono. Ukikaa kivulini nyuma ya kibanda unachezea simu inakupita, haina cha kusubiri. Waswahili hii haitusumbui, tumezoea kusimamisha magari, wanaoteseka ni wale wa Paris.

Kama Pignes utashuka sehemu moja tu, shuka Entrevaux. Stesheni iko upande mmoja wa mto Var na mji uko upande wa pili, mji mdogo umebanwa ndani ya ukuta, unaingia kwa daraja la mawe lenye mageti na minara kama unaingia ngome, na ndo ngome kweli, ilijengwa na watu wa Vauban, mjenzi wa ngome wa mfalme wa Ufaransa, miaka ya 1690 wakati Savoy, dola ya upande wa pili wa mpaka, ilikuwa jirani na adui. Juu kabisa ya mwamba kuna boma, na njia ya kupanda inaenda zigizaga na kila kona ina geti lake, jua linakupiga kichwani, beba maji maana juu hamna duka. Ukishuka kaulize ile nyama yao inaitwa secca, ni ng'ombe iliyotiwa chumvi ikakaushwa, inakatwa nyembamba wanaweka mafuta ya zeituni na limao. Ni ng'ombe, sio nguruwe, ila kuchinjwa kwake sina la kusema hapo, anayejali halali aiache.

Na hapo tuingie kwenye chakula, maana kwa wengi wetu hili lina uzito kuliko mahandaki. Nguruwe vijijini Ufaransa anaingia mahali usipomtegemea, wanamkata vipande vidogo wanaita lardons, wanamwaga kwenye saladi, kwenye dengu, kwenye viazi, na kwenye menyu hawaandiki kila mara. Jifunze sentensi moja, "sans porc, sans lardons", iseme kabla hujaagiza. Ugumu mkubwa uko Cévenol, Auvergne, yaani upande wa Clermont, ni nchi ya soseji na paja la nguruwe lililokaushwa, hata truffade yao ambayo ni viazi na jibini inakuja imeegemezwa na nyama hiyo. Aligot ndo ya kukimbilia, viazi vilivyopondwa na jibini na kitunguu saumu mpaka vinavutika, ila nayo mara nyingi inaletwa na soseji pembeni, waambie waiache jikoni. Upande wa Nice unaponea kirahisi, kuna socca, mkate mpana wa unga wa dengu na mafuta ya zeituni, unakula umesimama mtaani. Bourgogne vyakula vingi vya sifa vinapikwa kwa mvinyo, ila Dijon ni mji mkubwa kiasi una kila aina ya migahawa, halali ipo, unabeba chako unapanda treni.

Asiyekunywa pombe akiambiwa Bourgogne anaona kama haimhusu. Inamhusu tu. Beaune kuna Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443, paa lake la vigae vya rangi rangi ndo lile unaloliona kwenye kila kadi ya posta, na ndani wameacha ule ukumbi wa wagonjwa na vitanda vyake kwenye mistari. Pale pale Beaune kuna kiwanda cha haradali cha Fallot, cha toka 1840, unatembezwa na kuonjeshwa. Tournus kuna abasia, yaani nyumba ya zamani ya watawa, ya Saint-Philibert, nguzo nene za mawe ya waridi, kimya, na iko karibu na stesheni. Kutoka Beaune kuna njia ya baiskeli inapita katikati ya mizabibu kwenda Meursault mpaka Santenay, unakodi baiskeli asubuhi, ukichoka njiani Meursault ina stesheni. Ila wikiendi ya Jumapili ya tatu ya Novemba usiende kulala Beaune, ndo mnada wao wa mvinyo, vyumba hamna na vilivyopo bei imechizika.

Kulala sasa, na hapa peke yako unaumia kwasababu vyumba vijijini vinauzwa kwa chumba, sio kwa kichwa, kwahiyo we mmoja unalipa ya wawili. Bourgogne dawa yake ni kulala Dijon siku zote, begi linabaki chumbani, kila siku unaenda mji mmoja unarudi. Hii ina faida nyingine kwa ndugu zangu mnaoomba viza kutoka Dar au Nairobi: ubalozi unataka kuona utalala wapi kila usiku, na bukingi moja ya Dijon ni rahisi kuieleza kuliko karatasi saba za vijiji ambavyo hata mwenye kupokea fomu hajawahi kuvisikia. Bima nayo isipungue euro 30,000, hiyo ni kwa Schengen yote.

Cévenol huwezi kulala sehemu moja, njia ni ndefu na treni ni chache, lazima uhame na begi. Lakini Cévenol ina kitu ambacho Bourgogne haina, ina wapanda milima. Pale Monistrol-d'Allier inapita GR 65 (GR ni zile njia ndefu za kutembea kwa miguu), njia ya mahujaji wa Kikristo wanaotoka Le Puy-en-Velay kwenda Santiago kule Hispania, na pale Langogne na La Bastide inapita GR 70, ile aliyoitembea Stevenson, mwandishi Mskoti, na punda wake mwaka 1878. Kwasababu ya hao watembeaji kuna nyumba zinaitwa gîte d'étape, unalipa kitanda tu kwenye chumba cha wengi, jioni mnakaa meza moja, supu inazunguka, watu wanaulizana miguu inaumaje. Mtu aliyekuja mwenyewe anakaa pale na hakuna anayemshangaa kwasababu nusu ya meza wamekuja wenyewe. Kwenye hoteli ya Beaune jioni we na simu yako na meza ya watu wawili iliyotolewa kiti kimoja, wengine wanapenda hivyo, mi hapana. Ila gîte upige simu kabla, usitokee tu, na wakati wa baridi nyingi zinafungwa.

Pignes unaweza kufanya yote mawili, ama unalala Nice unaenda na kurudi, ama unalala Annot, ambako nyuma ya stesheni tu kuna njia inapanda kwenye miamba mikubwa ya mchanga na nyumba nyingine zimejengwa zikiegemea mwamba wenyewe. Digne ndo mwisho wa reli na watu wanafika pale wanabaki wanaangaliana, hakuna treni ya kuendelea, ila kuna basi la kukupeleka mpaka Château-Arnoux-Saint-Auban ukakutane na reli ya SNCF, au mabasi ya kwenda upande wa Aix na Marseille. Na Nice kumbuka treni hii haiondokei stesheni kuu ya Nice-Ville, ina ya kwake, ni mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu, sasa mtu amefika dakika tano kabla kwenye stesheni isiyo yake anaanza kukimbia na begi.

Kufika: Dijon kutoka Paris Gare de Lyon kwa TGV, treni ya mwendo kasi, ni saa moja na nusu na kidogo, au upande TER kutoka Paris Bercy, masaa kama matatu, bei haipandi kwa kuchelewa kununua, na unaweza kushuka Montbard njiani ukaone abasia ya Fontenay ya mwaka 1118, ila kutoka stesheni ni kilomita kama sita, hapo teksi au baiskeli. Clermont nayo unaondokea Paris Bercy, masaa matatu na nusu. Nice ni mbali, TGV inakula karibu masaa sita, kwahiyo Pignes inafaa zaidi aliyekuja Nice kwa ndege au tayari yuko kusini. TGV bei zake zinapanda kadri siku inavyokaribia, nunua mapema, za TER kwa kawaida unaweza kununua siku hiyo hiyo. Carte Avantage, kadi ya punguzo ya SNCF, ni euro 49 kwa mwaka, ukiwa na miaka 12 mpaka 27 unachukua ya Jeune, inapunguza asilimia 30 kwenye TGV na Intercités (treni za masafa marefu), ila ya watu wazima ina masharti ya wikiendi, soma kabla ya kununua, safari ndefu chache imeshajilipa. Ile pasi ya treni ya Ulaya nzima kwa safari ya vijiji kama hivi mi naona ni hela imetupwa.

Watu weusi peke yetu vijijini, swali linakuja kila mara na ni halali. Unaangaliwa, hasa Cévenol, vituo vingine mnashuka wawili tu na mwingine anapokelewa na mjomba wake. Kuangaliwa kwenyewe kunaisha ukisema bonjour, kule ndo hodi yao, ukiingia dukani ukaanza na "nataka mkate" bila bonjour umeshaonekana huna adabu kabla hawajaangalia rangi yako. Waliotoka Bukavu au Bujumbura Kifaransa mnacho tayari, hapo mmetuacha mbali, Cévenol ni yenu kabisa. Asiyejua Kifaransa ataponea Bourgogne na Nice kwa Kiingereza, Langogne atapata shida ila haitakuwa ya kufa. Polisi kukuomba vitambulisho ni jambo la upande wa Nice zaidi, kwasababu ya mpaka wa Italia ukaguzi umekuwepo toka 2015, tembea na pasipoti au kibali chenyewe mfukoni, sio picha kwenye simu. Na kina dada, ndani ya treni za SNCF ukisumbuliwa kuna namba 3117, au unatuma ujumbe kwenda 31177 bila kuongea, iandike kwenye simu kabla ya kupanda. Kwenye Pignes ambayo sio yao tumia 112.

Kwahiyo mara ya kwanza, au una siku chache, au unaomba viza, nenda Bourgogne. Unajua Kifaransa kidogo, unapenda kutembea kwa miguu, una wiki nzima na ratiba haikutishi, Cévenol, kati ya Mei na Septemba. Uko Nice tayari na unataka siku moja au mbili za kutoka ufukweni, Pignes na usifikirie mara mbili.

Train Jaune ya kule Pyrénées sijaiweka kwasababu majira ya joto mabehewa ya wazi yanajaa makundi na familia, na njia ya Bordeaux kwenda Sarlat nimeiacha kwasababu vijiji vile vya Dordogne vinavyosifiwa vingi haviko kwenye reli, unashuka Sarlat halafu unahitaji gari. Yoyote utakayochagua, Jumapili treni zinapungua, na Jumatatu maduka na migahawa mingi ya vijijini inafungwa, mchana wanapika saa sita mpaka saa nane basi. Jumapili asubuhi ndo nunua mkate, jibini na matunda ya kukufikisha Jumanne.